Sahani Iliyorudi na Mifupa

Katika mazishi ya Waya Dorka, waya kwetu ni shangazi, watu walikunywa soda tu, na kila chupa ilifunguliwa mbele ya macho ya mwenye kuinywa. Nilisimama kando ya jiko la nje, leso kiunoni, nikitazama. Fahali mzima alikuwa amechinjwa. Wali ulijaa sufuria tatu ambazo ilibidi wanaume wanne kuziepua. Mama mmoja wa kanisa, jirani yetu Mama Truphena, alisema amefunga. Mwingine alisema ana presha na daktari amemkataza nyama. Bwana mmoja ambaye tumbo lake lilimtangulia kuingia langoni alisema ameshashiba nyumbani kwake. Walimlilia vizuri, siwezi kuwasingizia. Waliimba, walihutubu, walimsifu kwa bidii ya kazi. Lakini kula, hapana. Saa kumi hema zilikuwa tupu na chakula kilikuwa pale pale kikipoa, nami nikajua kwamba miaka arobaini na kitu haijafuta neno. Shangazi yangu alifukiwa Migori akiwa bado ni yule mwanamke aliyempikia Rabuor kuku.

Kwa asiyemjua, Oloo Rabuor alikuwa mwimbaji wa benga, na siku zake hapakuwa na harusi, matanga wala duka la redio kutoka Kehancha hadi Homa Bay ambalo halikupiga gita lake. Alikufa kijana, hajafika miaka thelathini na tano, na mtu akifa kijana akiwa na jina, watu wetu hawakubali kwamba ameugua tu. Lazima kuwe na mkono wa mtu. Mkono uliopatikana ulikuwa wa Waya, kwa sababu chakula cha mwisho ambacho watu walijua amekila kilitoka jikoni kwake. Lisemwalo lipo, wakasema, na wakaridhika nalo. Mimi ndimi niliyekibeba chakula kile. Hilo watu hawakulijua, na nilihakikisha hawalijui.

Wiki tatu baada ya mazishi alikuja nyumbani kwangu binti mmoja mwenye nywele za rangi ya kutu, jina lake Achieng', akasema yeye na wenzake wametunga mchezo wa kuigiza wenye nyimbo kuhusu maisha ya Rabuor. Walikuwa wamefanya mazoezi karibu mwaka mzima na sasa walikuwa tayari kuuonyesha katika ukumbi mmoja Homa Bay. Alitaka nikae mbele pamoja na wageni wa heshima, kwa kuwa wazee walimwambia niliishi katika hoteli ya Waya, alikokula Rabuor. Nilimuuliza ni wazee gani. Akasema, "Wazee tu, Madam." Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na sita, mingine nikiwa mwalimu mkuu, na ninamjua mtoto anayeficha daftari nyuma ya mgongo.

"Mchezo wenu unaanzia wapi na kuishia wapi?" nikamuuliza.

"Ni shoo ya maisha yake yote, Madam. Vile alianza, mpaka vile alienda."

"Alienda vipi?"

Akacheka kidogo, akaitazama simu yake. "Si mnajua tu vile ilikuwa."

"Mimi sijui. Nieleze. Na shangazi yangu yumo?"

"Jina tulitoa, kwa heshima," akasema. "Anaitwa tu Mama wa Hoteli."

Heshima gani hiyo? Kila mtu mwenye miaka zaidi ya hamsini katika kaunti hizi mbili angejua Mama wa Hoteli ni nani. Nilimpa chai. Aliinywa, nikamtazama akiinywa, kisha nikajiuliza anainywa kwa sababu ana kiu au kwa sababu anataka kunionyesha kwamba anaweza kunywa chai ya nyumba hii. Ndivyo nilivyo. Mtu akiishi miaka mingi ndani ya nyumba inayoshukiwa, naye hujifunza kushuku, hata kikombe kilichomalizwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nangoja nafasi ya chuo cha ualimu, na nafasi hiyo ilitaka barua ya tabia njema kutoka kwa Pasta. Nilifikaje kwa Waya ni habari isiyo na kazi hapa. Nilifika, nikapewa aproni. Hoteli yake ilikuwa nyuma ya soko la Migori: meza nne, mabenchi, kalenda ya kampuni ya mbegu, na dirisha dogo la kupitishia sahani. Jiko lilikuwa la udongo, na juu yake chungu cheusi ambacho Waya hakumruhusu mtu mwingine kukiosha. Nyuma kulikuwa na ua wenye vyumba vitatu vya kupangisha. Rabuor alikaa chumba cha mwisho, chenye mlango wa buluu uliopinda fremu, ukiufungua unajifunga wenyewe. Watu waliotaka ubaki wazi waliuwekea jiwe. Ndani kulikuwa na kitanda, gita mbili ukutani, picha yake mwenyewe iliyokatwa gazetini, na harufu ya mafuta ya nywele. Nilikijua chumba kile kwa kukitazama kutoka nje, kama msichana wa Sabato alivyopaswa kukijua.

Maana Waya alikuwa Msabato, tena wa kweli. Hakupika kamongo wala kambare, wala nguruwe sizungumzii. Ijumaa jua likianza kuinama moto ulizimwa, na aliyechelewa alilala na njaa yake. Hata hivyo alimlisha mpiga gita wa vilabu kwa miaka miwili, na watu walishindwa kulimeza jambo hilo. Mjane Msabato na mwanamuziki, kuna nini? Mimi mwenyewe niliwachunguza, nakiri. Niliosha vyombo taratibu ili nisikie. Kitu pekee nilichowahi kusikia kilikuwa hiki, siku moja Rabuor ameegemea dirisha la sahani, na Waya anakoroga mboga.

"Dorka, mimi nitakuimba. Wimbo mzima. Kutoka mwanzo hadi mwisho ni Dorka, Dorka."

"Thubutu! Ukinitaja kwa hiyo gita yako kanisa itanitoa siku hiyo hiyo. Wewe kula, enda."

"Watu watasema sina shukrani. Nimetaja mpaka fundi wa baiskeli."

"Wacha waseme. Kwani jina langu litaongeza nini kwa mboga?"

Kwetu kutajwa na gita si jambo dogo. Mwimbaji wa benga hutaja marafiki zake ndani ya wimbo mmoja baada ya mwingine, na kwenye dansi mtu yeyote anaweza kunyoosha mkono, gita zikanyamaza, naye akajisifu au akamsifu ampendaye mbele ya watu wote kabla muziki haujaendelea. Tunaita pakruok. Mtu aliyetenda wema na hatajwi, watu hutafuta sababu. Olang', aliyepiga besi katika bendi ya Rabuor, nilimsikia akiwaambia wenzake mezani: "Huyu mama analisha mtu miaka miwili, na hata jina moja kwa santuri hakuna. Kuna kitu hapo, omera." Wenzake waliguna. Walikuwa wakila chakula cha Waya walipoguna.

Chakula cha Rabuor kilipelekwa chumbani kwake na Waya mwenyewe. Mara nyingi sahani zilirudi na nyama nyingi imebaki kwenye mifupa, na paka wa ua ule alizijua saa zake. Ijumaa ile ya mwisho ya Rabuor, Waya alikuwa amechelewa kupika kwa ajili ya Sabato, jua halingoji, akanipa sahani mimi. "Piga hodi, weka mlangoni, rudi." Ilikuwa kuku wa kienyeji, mapaja mawili na firigisi juu, na ugali wa wimbi. Nyumbani kwetu sisi wasichana hatukupewa firigisi hata siku moja. Ni kipande cha mwanamume, cha baba au cha mgeni wa kiume, na ukionekana unakitafuna utaambiwa huna adabu mpaka wajukuu wako walisikie. Nilipiga hodi. Sauti ikasema ingia. Nikasukuma mlango, nikaingia hatua mbili, na mlango ukajifunga nyuma yangu kama ulivyozoea.

Alikuwa amekaa kitandani amejishika tumbo, uso umepauka, na beseni kando ya mguu. Ndani ya beseni mlikuwa na kitu cheusi nisichotaka kukitazama mara mbili. Aliniambia amekuwa hivyo tangu Jumatano, nisimwambie mtu, kesho wana dansi Muhuru Bay na mabango yameshabandikwa. Nilimwambia nitamwita Waya. Alinikataza. "Akijua sijala hatanyamaza, ataita mpaka kanisa," akasema, akijaribu kucheka. "Kula wewe, nyar Suna. Maliza yote, umrudishie mifupa. Afurahi." Nyar ni binti, na Suna ni kwetu. Nilisema hapana. Nikasema hapana mara ya pili. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa nimekula dagaa wa omena siku nne mfululizo, na kuku wa Waya, Mungu anisamehe, alikuwa kuku. Nilikaa kwenye kigoda nikala. Nilikula mapaja yote mawili, nikavunja mifupa nikanyonya ute wake, na mwisho kabisa nikala firigisi, polepole, huku yeye amefumba macho. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, wala kitu kilichonigharimu hivyo. Kisha nikarudisha sahani.

Waya aliipokea mlangoni mwa jiko. Olang' alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, ameinama akifunga kamba za viatu, hata hakuniona nikimpa. Mimi nilikuwa nimeshapita kwenda kuchota maji, nikageuka mara moja tu. Nilimwona Waya amesimama na sahani mkononi. Aligeuza mfupa mmoja kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti, ili Olang' asikie, "Leo amekula vizuri." Alizima moto. Jua lilikuwa linazama.

Rabuor alianguka jukwaani Muhuru Bay, na Jumapili asubuhi alikuwa amekufa. Daktari alisema tumbo lilikuwa na vidonda na damu ilivuja ndani kwa siku kadhaa. Nani alimsikiliza? Olang' alikuwa ameona sahani ya mifupa mkononi mwa Dorka, na alisema alichokiona. Jumatatu hoteli ilikuwa na wateja wawili. Jumatano haikuwa na hata mmoja. Alhamisi walikuja Pasta na wazee watatu wa kanisa, wakaketi sebuleni, chumba kidogo chenye vitambaa vya kushona juu ya viti. Nilileta chai. Wote wanne waliisukuma mbali kidogo, kwa adabu, kwa ncha ya kidole, na ikakaa pale mpaka ikafanya utando. Barua yangu ya tabia njema ilikuwa ndani ya mkoba wa Pasta. Nilijua, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ameniambia amekuja nayo, imebaki sahihi.

"Mama Dorka," Pasta akasema, "ni nani alipeleka chakula kwa yule kijana?"

Nilikuwa nimesimama na trei. Maneno yalikuwa mdomoni. Mimi, Pasta. Nilipeleka mimi, nikala mimi, niko mzima kama mnavyoniona. Lakini baada ya hapo swali lingekuwa: ulikula wapi? Chumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi? Ulikuwa umefungwa. Msichana wa kanisa, chumbani kwa mpiga gita, mlango umefungwa, anakula firigisi. Nani angeamini habari ya fremu iliyopinda? Waya hakunitazama.

"Ni mimi mwenyewe," akasema.

Mwanamke ambaye hakuwasha moto siku ya Sabato alisema uongo mbele ya Pasta bila kupepesa macho. Waliuliza mambo mengine, yakajibiwa. Walimsimamisha ushirika. Barua yangu ilitiwa sahihi juma lililofuata, na kila kitu nilichokuwa nacho baadaye, darasa, mshahara, mume, nyumba ya matofali, watoto, kilipitia karatasi ile. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na katika nguo za Waya nilikuwamo mimi. Alifunga hoteli. Hakuna aliyenunua hata mandazi kutoka mkononi mwake, basi akauza makaa na sabuni, vitu visivyoliwa, na akauza hivyo mpaka uzeeni. Kanisa lilimrudisha baada ya miaka kadhaa. Vinywa havikumrudisha.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo lilinitesa kuliko yote. Tangu mwaka ule, kila nilipomtembelea na akachinja kuku, firigisi aliniwekea mimi. Hakusema neno. Mume wangu akiwa amekaa pale pale, mgeni, mkwe, Waya aliiokota chunguni akaiweka kwenye sahani yangu. Mume wangu alidhani ni upole. Mimi nilishuku. Anajua? Ananisuta? Ananisamehe? Au ni mwanamke mzee tu anayempenda mtoto wa kaka yake? Mara moja, si miaka mingi iliyopita, nilianza kusema, "Waya, ile Ijumaa..." Akanikata: "Kula, nyathina, mwanangu, chakula kinapoa." Nilikula. Nimekula kwa aibu kwa miaka arobaini na kitu.

Basi nilikwenda Homa Bay. Mchezo ulikuwa Jumapili saa tisa alasiri, ukumbi wa mabati wenye feni mbili, moja nzima. Nilikuwa nimeshuku hata kiti walichonipa. Kilikuwa cha kando, safu ya mbele, na katikati ya safu ile aliketi mzee mwenye kofia na bakora, ambaye nilimtambua kwa mabega: Olang'. Karatasi ya majina ya waigizaji ilimtaja kwanza kabisa kama mshauri. Ndiyo maana Achieng' alisema "wazee tu". Hatukusalimiana. Niliinua kidevu, naye akainua chake.

Nusu ya kwanza ilikuwa nzuri, na nilichukia kwamba ilikuwa nzuri. Kijana aliyekuwa Rabuor alikuwa na sauti, na alijua kusimama vile alivyosimama yule, mguu mmoja mbele, kana kwamba ardhi inamsikiliza. Vijana walicheza mpaka mbao zikalia. Mwanzoni Achieng' alitangaza kwamba hii ni benga ya kwetu, anayetaka kujisifu anyooshe mkono, na watu walifanya hivyo: mfanyabiashara wa samaki alijisifu, mwalimu kijana alimsifu mchumba wake, watu wakacheka, gita zikarudi. Mguu wangu ulikuwa unapiga chini bila idhini yangu. Nikaanza kudhani labda nimewaonea.

Kisha taa ikawa nyekundu. Mama wa Hoteli alitoka upande wa kulia, mnene, na lipstiki ambayo Waya hakuwahi kuijua, amebeba sahani iliyofunikwa na sahani nyingine. Alitembea pole pole. Gita moja lilikuwa linapigwa chini chini, nyuzi mbili tu. Aliimba maneno mafupi, kwamba amelisha, amelisha, na hakutajwa. Ukumbi ukaguna. "Usile!" mwanamume mmoja nyuma yangu akapiga kelele, na watu wakacheka, lakini kicheko cha watu wanaoamini. Binti aliyemwigiza aliinua sahani ya juu. Watoto wa shule walikuwa mle ndani. Wangekwenda nyumbani nayo, na wangewasimulia watoto wao, na shangazi yangu angemuua Rabuor kila mchezo ule ukionyeshwa.

Nilinyoosha mkono. Nikasimama. "Gita, ngoja!" nikasema, kwa sauti ile ya paredi ya asubuhi.

Mpiga gita alikuwa kijana, lakini ni mtoto wa kwetu. Vidole vyake vilinyamaza kabla kichwa chake hakijauliza kwa nini.

"An Risper," nikasema. "Mimi ni Risper, nyar Dorka, yule wa hoteli ya Migori. Jina lake ni Dorka, si Mama wa Hoteli. Mimi ni mwalimu niliyechapa watoto wenu kwa kusema uongo, na uongo mkubwa ni wangu. Kuku ile nilikula mimi! Mapaja mawili, mimi. Mifupa, mimi. Firigisi, mimi, chumbani kwake, na mlango umefungwa! Rabuor hakuonja hata tonge, alikuwa mgonjwa tangu Jumatano. Mnaniona nimekufa? Nimenona, nina wajukuu saba! Dorka alikataa kutajwa na gita maisha yake yote. Leo namtaja. Dorka! Mama aliyelisha mtu na akanyamaza kwa sababu yangu. Pigeni gita!"

Nilingoja wazomee, au wanyamaze, au mtu alie. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Binti mwenye sahani alinitazama, hajui aifunike au aishike tu. Gita likaanza, na yule mwanamume wa nyuma akamwambia jirani yake, "Huyu mama ameigiza poa! Wametoa wapi huyu?" Waliona ni sehemu ya mchezo. Rabuor akala, akaanguka, akafa kama ilivyoandikwa, na watu wakafuta machozi. Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Olang' alikuwa ameshika bakora kwa mikono miwili na ananitazama.

Alinisubiri nje, chini ya kibaraza, palipokuwa na kivuli.

"Japuonj," akasema, yaani mwalimu. "Nimesikia."

"Nashukuru."

"Lakini siamini. Dorka amekufa, ndio unaongea. Angekuwa hai angejibu. Mimi niliona mifupa na macho yangu, kwa mkono yake. Nimesema kile niliona, sikuongeza."

"Najua hukuongeza. Ni mimi niliyepunguza."

"Unasafisha jina la nyumba yenu. Hata mimi ningefanya hivyo."

Nilikasirika, si kwake tu. "Basi njoo Migori Jumapili ijayo. Nitapika kwa chungu chake. Nikiwa naongopa, tumbo lako litasema."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa umejibu, mzee wangu."

Alikuja. Alikuja kwa bodaboda, na kofia ile ile, na Achieng' alikuja nyuma yake na bodaboda nyingine, hakuna aliyemwalika. Majirani waliona bakora ya Olang' ikiingia langoni mwa Dorka, na kabla sijapakua kulikuwa na wanawake kadhaa uani ambao kila mmoja alikuwa amekuja kuazima kitu. Mama Truphena, yule aliyefunga siku ya mazishi, alikuwa amekuja kuazima ungo. Aliushika mkononi na hakwenda nao popote. Niliweka sahani mbele ya Olang': kuku, ugali wa wimbi, firigisi juu. Nikamnawisha mikono. Alikaa, mikono imeloa, inaning'inia kati ya magoti.

"Mwenye chakula huonja," akasema.

Nilimega tonge, nikalichovya mchuzi, nikala. Alinitazama koo mpaka nimemeza. Nami nilimtazama yeye, nikishuku kwamba atachukua kipande kimoja, akitafune, akiteme nyuma ya nyumba, kisha akawasimulie watu mengine. Alichukua paja. Akala kidogo. Akala tena. Kuku wengine wa ua walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu. Alikula kama wazee wanavyokula, kwa meno ya mbele, na alipofika kwenye mfupa akasimama. Aliuinua, ukiwa bado na nyama, akautazama.

"Magego yangu yaliisha," akasema, si kwa mtu yeyote. Kisha uso wake ukabadilika. "Rabuor pia. Rabuor hakuwa na magego. Aling'olewa yote Kehancha, tulimpeleka mimi na mpiga ngoma. Hakuwa anaweza mfupa. Nyama ilikuwa inabaki kila siku, paka inakula." Aliweka mfupa chini taratibu. "Ile mifupa ya siku hiyo ilikuwa imevunjwa. Ilikuwa imetafunwa mpaka unga. Niliona. Niliona na sikufikiria."

Nikaona kidole cha Waya kikigeuza mfupa pale mlangoni mwa jiko. Alijua. Kabla Rabuor hajaanguka, kabla ya Pasta, kabla ya uvumi wote, alishajua nani amekula, na neno moja lingemwokoa. Alinyamaza kwa ajili ya barua yangu mpaka kufa. Nililia pale pale, na sikujificha.

Olang' hakusema pole. Aliinua firigisi kwa vidole viwili, akaiweka kwenye kisahani, akakisukuma upande wangu mbele ya wanawake wote.

"Kula, nyar Dorka," akasema. "Hii ni yako."

Niliila. Sikuharakisha. Nilipomaliza, Mama Truphena alikuwa ameweka ungo chini, amesimama karibu na chungu.

"Risper," akasema, "nipimie na mimi."